Nisomee Saa

Nyinyi vijana wa meza za simu hapa Chuno mna tabia moja. Akija mtu anayetaka kumnunulia mzazi wake saa ya kupima mapigo ya moyo, mnamleta kibarazani kwangu na kusema, "Muulize mzee, huyu ni fundi saa." Naitika, lakini moyoni naona haya. Saa nilizotengeneza mimi zilikuwa na springi na magurudumu. Ukifungua unaona kinachozunguka na kilichokwama. Hizi za sasa ukifungua huoni kitu, na ukishafungua hazifungiki tena. Shule niliishia darasa la saba. Kwa hiyo yasomeni haya kama maneno ya mtu aliyekaa karibu na mikono ya watu kwa muda mrefu, siyo ya mtaalamu. Nikikosea mnisahihishe, sitanuna. Au nitanuna kidogo, halafu yataisha.

Kazi nilifundishwa Mikindani na Mzee Abdulhusein, ambaye duka lake lilikuwa la saa, miwani na, mambo yakiwa mabaya, vitambaa. Alikuwa mkali kwa chai iliyopoa na mpole kwa mtu aliyekosea. Somo lake la kwanza halikuhusu saa. Mteja akiingia nami nikanyoosha mkono kupokea saa, alinipiga vidole kidogo: "Tazama kwanza mkono ilikotoka."

Mkono wa mama anayebangua korosho una makovu ya mafuta ya ganda. Ukiufunga mkanda wa chuma katika joto letu hili, utamwasha mpaka aitupe saa kabatini. Mkono wa mwashi una saruji hadi kwenye vinyweleo. Mkono wa mzee umekonda, saa inazunguka na kutazama chini, na mwenyewe anadhani imekufa kwa sababu haioni. Haya yote bado yapo. Ile taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa zenu lazima iguse ngozi. Ikining'inia, inapima hewa, na hewa haina moyo. Mkanda wa mpira laini, wenye matundu ya karibu karibu, huo ndio ninaowashauri watu. Ila nimewahi kuona mama mmoja ambaye mpira ulimtoa vipele na kitambaa kikamfaa, kwa hiyo siapi.

Somo la pili lilikuwa maneno mawili tu. Saa ikishapona, Mzee Abdulhusein alimpa mteja na kumwambia, "Nisomee saa." Nilidhani anawadhihaki wasiosoma. Mpaka mzee mmoja wa Ufukoni aliporudisha saa yake mara ya tatu, amefura.

"Imekosea tena."

"Nisomee."

"Inasema nane. Sasa hivi ni mbili, hata chai sijanywa."

Nikacheka, maana mshale ulikuwa pale pale unapotakiwa. Sote tunajua kwamba asubuhi mshale ukiwa kwenye nane, unasoma namba ya upande wa pili, unapata mbili. Mzee Abdulhusein hakucheka. Akavuta kile kifundo cha pembeni, akazungusha mshale mpaka ukasimama kwenye mbili yenyewe, akamrudishia. Yule mzee akaondoka ametulia kama mtu aliyerudishiwa jina lake.

"Lakini ile saa sasa ni mbovu," nikasema.

"Mbovu kwako. Kwani wewe ndiye unayeivaa?"

Nilipofungua meza yangu mwenyewe hapa mjini, wazee kutoka mashamba walikuwa wanakuja na kusema, "Niwekee ya Kiswahili," nami nazungusha bila kuuliza. Ya kwanza kuizungusha ilikuwa ya dada yangu, Somoe. Aliivaa mpaka ikafa, na kwa miaka yote hiyo mbili yake ilikuwa mbili.

Kabla sijafika kwa dada, niwaambie ya muhogo, maana najua mnaisimulia vibaya. Saa hizi za afya zilipoanza kuingia mjini, nilijiona mjanja. Nikaenda na muhogo mbichi kwenye duka moja, nikamwomba kijana muuzaji auvishe saa. Taa ikamulika muhogo, ikafikiri, ikatoa mapigo ya moyo, mazuri kabisa. Muhogo ule ulikuwa mzima kuliko mimi. Watu wakacheka, kijana wa watu akainamisha kichwa, nami nikaondoka na sifa. Baadaye mtu mmoja akaniachia saa yake ya maana, ya gharama, nimbadilishie mkanda. Nikaivisha muhogo kwa siri. Nayo ikasoma. Basi nikarudi kwa yule kijana, nikamwambia mbele ya watu kwamba kipimo changu kilikuwa cha kijinga na saa zake sikuzitendea haki. Akaniuliza, "Na ule muhogo, mzee, uliupeleka zahanati?" Nilistahili. Kipimo cha haki ni kidole. Vaa saa, shika mshipa wa mkono wa pili, hesabu mwenyewe, linganisha. Muhogo tuleni.

Sasa la dada.

Dada Somoe anaishi Kitaya, karibu na mto. Mumewe amezikwa pale, nyuma ya mikorosho. Ana muhogo wake, ana kajaruba ka mpunga bondeni, na ana jirani, Bi Esha, ambaye wanagombana kila siku na hawawezi kukaa siku bila kuonana. Ana shinikizo la damu, na zahanati walimpa dawa: kidonge saa mbili asubuhi, kidonge saa mbili usiku. Mwanawe Salum yuko hapa Chuno, anafanya kazi ya ofisini. Ni kijana mwema, naliandika hili mapema ili mtakapoona amekosea msimhukumu haraka.

Alikuja kwangu. "Mjomba, nataka saa ya kumvisha mama. Nikiwa kazini nijue hali yake."

Tukakaa, tukachagua kama mnavyochagua nyinyi. Isiyoogopa maji, kwa sababu ya udhu. Inayokaa na chaji siku nyingi, kwa sababu mama anachajia sola na sola ya mama ina mambo yake. Yenye laini yake ndani, asilazimike kubeba simu. Salum akazima ule utaratibu wa saa kujirekebisha yenyewe, maana Kitaya mtandao wa nchi ya ng'ambo ya mto huingia na kurudisha saa nyuma bila ruhusa. Yote mazuri.

"Na uso wake?" nikauliza. "Ya mishale au ya namba?"

"Namba kubwa, mjomba. Macho ya mama mishale hayaioni tena."

Nikasema sawa. Goti lilikuwa linanisumbua, sikwenda naye Kitaya. Salum alimfunga mama yake saa mkononi na kumweleza haraka haraka, huku gari lililompa lifti likinguruma nje. Akamwambia, "Sasa mama, usifuate tena jua. Fuata saa."

Msimu wa mikorosho kuchanua ulikuwa haujaisha aliporudi kwangu, simu mkononi, uso umemshuka.

"Shikamoo mjomba. Tazama." Akanionyesha mistari ya usingizi wa mama yake. "Usiku wa manane anaamka. Kila siku. Anatoka mpaka nje, na viboko siku hizi wanapanda hadi kwenye mipunga. Halafu mchana analala ovyo. Juzi amelala msibani, kichwa kwenye bega la mtu."

"Msibani tunalala wengi."

"Sitanii, mjomba. Baba wa mwenzangu kazini alianza hivi hivi, kutembea usiku. Mwisho akawa hawajui wanawe." Akazima simu. "Chumba cha mama pale kwangu tumeshakipaka rangi. Mke wangu amenunua godoro. Mimi sitaki kumlazimisha mama. Lakini wewe ndiye mjomba. Ukisema ahame, atahama."

Mnajua kwetu ilivyo. Dada ni mkubwa wangu, amenibeba mgongoni, lakini neno la nyumba yake likihitaji kusemwa, nalisema mimi. Ni mzigo ambao sikuuomba. Ningesema abaki, kisha akakanyagwa na kiboko, ningeishi vipi? Na ningesema ahame, akanyauka kwenye chumba chenye rangi mpya? Nilikuwa nimeelemea upande wa Salum, siwafichi. Ile mistari ilikuwa inaonekana.

Tukaenda Kitaya kwa gari alilokodi. Dada alikuwa barazani anamenya muhogo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Hamisi. Mmekuja na gari lenye nafasi kubwa nyuma. Nani anahama?"

Salum akatazama viatu vyake. Tukapewa maji, tukaulizana hali za watu wote mpaka watu wakaisha. Ndipo Salum akasema, taratibu, "Mama, usiku hulali."

"Nani kakwambia?"

"Saa."

Dada akautazama mkono wake. "Kumbe inasengenya."

"Inanipa habari tu, mama. Ninaogopa."

"Na Chuno nitafanya nini? Nikae sebuleni nitazame feni? Hapa nikiumwa, naumwa nikiwa mwenye nyumba. Kule nikipona nitakuwa nimepona nikiwa mgeni."

Adhana ikaita, tukasali, tukala. Baada ya chakula neno lilikuwa limenifika mdomoni. Nilikuwa nimelipamba vizuri: dada, siyo moja kwa moja, ni kwa muda tu, mpaka mvua zipite. Nikavuta pumzi. Yeye akautazama mkono, akainuka.

"Ngoja, saa yangu ya dawa hiyo inafika."

Salum akanisogelea. "Umeona, mjomba? Dawa ni ya asubuhi na usiku. Hata wakati wa dawa umempotea."

Nilimtazama dada yangu anavyokwenda kwenye mtungi, mgongo wake ulivyopinda, nikaamini kwamba ameanza kutuacha. Na sijui kwa nini, labda ni mazoea tu ya meza, nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyasema tangu nifunge kazi.

"Dada, nisomee saa."

Akanyoosha mkono mbali na macho, kama wanavyofanya wenye macho ya umri wetu. "Mbili kasoro kidogo."

Nikasogea nikatazama. Namba kubwa, nyeupe, safi: moja na hamsini na kitu. Mbili kasoro kidogo. Na jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Na usiku pia unangoja iandike mbili?"

"Nifanyeje sasa? Inachelewa sana kufika hiyo ya usiku. Nalala kidogo, naamka, nachungulia, bado. Nasali, nachungulia. Ikifika natoka kuchota maji ya mtungi wa nje, yale ya baridi, nameza."

Salum alikuwa amekaa, akasimama. "Mama, lakini jua hulioni? Huu ni mchana, ni saa nane."

"Jua naliona. Mimi si kipofu wa jua. Nesi alisema mbili na mbili. Wewe ukasema, mama usifuate jua, fuata saa. Saa ikiandika mbili, nameza. Nikasema labda dawa za hospitali zina mbili yake."

"Ungeuliza, mama."

"Niulize nini? Mtu mzima niulize saa ngapi sasa hivi? Si mngesema mama amepotea, mleteni Chuno."

Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

Kisha Salum akakumbuka. "Lakini asubuhi na usiku inatetemeka. Niliiwekea itetemeke wakati wa dawa ukifika. Huisikii?"

"Naisikia. Si ndiyo wewe?"

"Mimi vipi?"

"Wewe si ulisema? Ikitetemeka, mama, ni mimi nakukumbuka."

"Nilisema inakukumbusha, mama. Inakukumbusha dawa."

"Mimi nilisikia nakukumbuka." Akakaa chini, akashika kisu, hakumenya. "Kila asubuhi nikishakunywa uji inatetemeka, nami nasema, marahaba mwanangu. Bi Esha ananicheka, anasema Somoe siku hizi unasalimiana na mkono." Akazungusha saa kidogo kwenye kifundo cha mkono. "Basi siku zote hizo ilikuwa dawa."

Salum aliokota ganda la muhogo, akalikunja kunja mpaka likakatika.

Nimelipima jambo hili mara nyingi tangu siku ile, na mwenye kosa simpati. Nesi alisema kweli. Salum alisema kweli, na alisema kwa mapenzi. Saa ilisema kweli, kwa lugha yake. Dada alitii wote watatu kuliko ambavyo mimi ningeweza. Labda aliyepungua ni fundi aliyejua mkono ule unasomaje, akabaki mjini na goti lake. Lakini hata hilo naliandika kwa wasiwasi. Huenda ningekwenda na bado nisingeuliza.

"Izungushe iwe ya Kiswahili," nikamwambia Salum.

"Haina pa kuzungusha, mjomba. Inakubali tu kubadilishiwa nchi."

Basi tukakaa barazani tunatafuta nchi. Salum anasoma majina ya miji, mimi nahesabu kwa vidole, mpaka tukaipata moja ambayo sisi tukiwa na nane ya mchana, saa yao inaandika nane. Akabonyeza. Zile namba kubwa zikaruka, zikatulia, naye akaihamisha na kengele ya dawa. Nikamwambia dada asome.

"Sasa inasema nane. Na ni nane." Akaitazama kwa heshima kidogo. "Mmeifanyaje?"

"Tumeiambia kwamba wewe unaishi Brazili."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mbali, mama. Ng'ambo ya bahari nyingine."

"Mradi siyo Chuno."

Salum ndiye aliyeanza kucheka, na nilifurahi kwamba ni yeye. Nami nikasema neno langu la mjomba, likiwa limegeuka kabisa: dada anabaki kwake. Ila nikamwomba akubali mawili, maana woga wa kijana ulikuwa wa kweli na viboko ni wa kweli. Mtungi wa nje uingie ndani. Na kile chumba kisibomolewe wala kupangishwa, siku za kliniki ya mjini alale humo kama mwenye nyumba ya pili. Akakubali la kwanza upesi, la pili polepole.

Usingizi ulirudi. Nesi alimpima kwa ile mashine ya kufunga juu ya mkono, akaridhika. Akatuambia pia kwamba shinikizo linaloandikwa na saa tulitazame tu, tusipandishe wala kupunguza dawa kwa sababu yake, na hilo nawaomba mwambieni kila mnunuzi. Kwenye simu ya Salum mama yake sasa analala alasiri na kuamka kabla ya usiku wa manane, kwa sababu ni wa Brazili, na inambidi Salum ahesabu saa sita kila akitazama. Analalamika. Mimi naona ni haki: kuhesabu kumehamia kwa mwenye kichwa kipya.

Kwa hiyo mnunuzi akija mezani kwenu, msianze na saa inapima nini. Muulizeni habari zitakwenda kwa nani, na huyo akiziona atafanya nini. Mwenye mkono amekubali? Anajua kwamba itasema kila kitu, hata usingizi wake? Halafu, kabla hamjafunga mkanda, mpigieni simu mzazi au mleteni mwenyewe, mumpe saa asome kwa mdomo wake. Mkiona anasoma tofauti na nyinyi, msimsahihishe. Isahihisheni saa. Sina hakika kama hili litawafaa nyote. Lilimfaa dada.

Majuzi goti lilinikubalia, nikaenda Kitaya peke yangu. Tulikaa barazani baada ya alasiri, tunabangua korosho chache za kula. Jua likaanza kuteremka. Nikamwona anautazama mkono, anaacha, anautazama tena.

"Unangoja dawa?"

"Dawa bado. Kuna nyingine, ya alasiri. Hii haina dawa."

Nilikuwa naijua habari yake. Salum alinieleza kwamba hakuiwekea ijiendeshe. Kila siku anaibonyeza mwenyewe kwenye simu akiwa kazini. Nilimshauri aiwekee saa maalumu, asije akasahau. Hakutaka.

Ilipotetemeka, dada alikuwa na korosho mdomoni. Akameza kwanza. "Marahaba, mwanangu," akauambia mkono.

Nami fundi, niliyelishwa maisha yangu yote na saa zinazochelewa, nikasema bila kufikiri, "Leo imechelewa."

"Huchelewa," akasema dada. "Ya dawa haijawahi kuchelewa hata siku moja. Hii huchelewa. Ndivyo ninavyojua ni yeye."